Nani Anamimina? Maswali Yenu Kuhusu Pombe Kwenye Filamu na Riwaya

Maswali ya safari hii yote yanahusu chupa na glasi tunazozitazama kwenye filamu na kuzisoma vitabuni. Marefu nimeyafupisha. Matusi nimeyaacha hukohuko yalikotoka.

Kila steringi akifiwa au akiachwa na mpenzi, moja kwa moja anakimbilia chupa. Ndugu mwandishi, hawa watunzi wameishiwa mawazo?

Wengi wao, ndiyo. Ila tuwatendee haki kidogo. Huzuni haina umbo, na kamera haiwezi kuingia kifuani mwa mtu. Mwandishi wa riwaya anaweza kutumia kurasa kumi kueleza yanayopita kichwani mwa mfiwa, lakini mwongozaji wa filamu lazima aonyeshe kitu. Glasi inaipa kazi mikono ya mwigizaji: ataijaza, ataizungusha, ataikodolea macho, mwisho ataipasua ukutani. Ni njia ya mkato, na watazamaji tumeizoea kiasi kwamba hatuoni tena kitu.

Tofauti utaiona kwenye *Flight* (2012), ambamo Denzel Washington anaigiza rubani mlevi. Ni usiku wa kuamkia siku ya kuhojiwa kuhusu ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha. Kawekwa hotelini chini ya ulinzi, na chumba chake hakina hata tone la kileo. Usiku anagundua kwamba mlango wa kuingilia chumba cha pili haukufungwa. Anaingia, anafungua jokofu dogo, na kulikuta limejaa vichupa. Anachukua kimoja, anakitua juu ya jokofu, kisha anatoka kwenye picha. Kamera haimfuati. Inabaki inakitazama kichupa kile, na sisi tunakitazama nacho, tukianza kuamini kwamba safari hii kashinda. Ghafla mkono unachomoza na kukinyakua. Uso wake hatuuoni kabisa katika sekunde hiyo, na bado tumejua kila kitu. Kwa mwongozaji mvivu tungepewa dakika nzima ya mtu anagugumia na kulia.

Ni kweli kwamba mlevi husema ukweli? Maana kwenye tamthilia na filamu nyingi, siri zote hutoboka mtu akishalewa.

Ni ukweli unaowafaa watunzi. Mtunzi akiwa na siri ambayo hajui aitoe vipi, anamlewesha mtu mmoja harusini, kazi imekwisha. Mimi nikiona mhusika anapanda juu ya meza na glasi mkononi, huwa najua mtunzi kachoka.

Waliolifikiria jambo hili vizuri waliuliza swali jingine: kama mtu ni mwema akilewa na katili akiwa timamu, yupi kati ya hao wawili ndiye yeye? Charlie Chaplin alilijengea filamu nzima, *City Lights* (1931). Tajiri mmoja aliyelewa chakari anataka kujiua, fukara anamwokoa. Tajiri anamkumbatia, anamwita rafiki, anampeleka nyumbani kwake, anampa fedha. Pombe ikimtoka, hamtambui, na anaamuru atupwe nje. Akilewa tena, ni rafiki tena. Tunacheka, lakini tazama jambo lilivyo: fukara anapendwa tu pale ambapo tajiri hana akili zake, na mwisho wa siku ni fukara huyo anayekwenda jela kwa fedha alizopewa kwa hiari. Bertolt Brecht, akiwa uhamishoni Finland mwaka 1940, aliandika tamthilia ya mwenye mashamba aitwaye Puntila na dereva wake Matti kwa mtindo uleule. Bwana huyu ni binadamu akiwa amelewa, na akiwa timamu anarudi kuwa bwana. Hapo pombe inafichua ukweli, sawa, ila ukweli wenyewe ni wa tabaka na mali, si wa siri za moyoni.

Halafu kuna upande wa pili, ambao ndio ninaoupenda zaidi. Mtu mmoja akilewa kwenye hadithi, mtafute yule asiyelewa. Kwenye *Othello* ya Shakespeare, Cassio anasema wazi kwamba kichwa chake hakihimili pombe. Iago, anayetaka kumwangusha, anambembeleza, anaimba, anamjazia. Cassio anaingia kwenye ugomvi, anamjeruhi mtu, na kabla usiku haujaisha amevuliwa cheo. Pombe ile haikutoa ukweli wowote wa Cassio; ilikuwa silaha mkononi mwa mtu mwenye akili zake. Odiseo, kwenye utenzi wa Homer, anafanya vivyo hivyo kwa yule jitu mwenye jicho moja. Anamnywesha mvinyo mkali mpaka alale, ndipo anamtoboa jicho. Kwenye hadithi fupi ya Edgar Allan Poe kuhusu pipa la mvinyo wa amontillado (1846), mlipiza kisasi anamvuta adui yake hadi ndani ya handaki kwa ahadi ya kuonja tu. Tangu nilipoanza kumtazama anayemimina badala ya anayekunywa, hadithi nyingi nimezisoma upya.

Aina ya kinywaji ina maana yoyote, au ni mapambo?

Inategemea mtunzi. Shampeni kwa tajiri na bia kwa kibarua hayo ni mapambo, usipoteze muda nayo.

James Bond ana maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye riwaya ya kwanza ya Ian Fleming, *Casino Royale* (1953), anamwelekeza mhudumu vipimo vya jini na vodka kama fundi anayeagiza vipuri, mpaka namna ya kukata ganda la limau. Ni mtu anayeishi na kifo kila siku, kwa hiyo anatawala kile kidogo kinachotawalika. Kisha kinywaji hicho anakipa jina la Vesper, mwanamke ambaye baadaye anagundulika kuwa alikuwa akimsaliti. Kwa hiyo filamu ya 2006 ilipomwonyesha, punde tu baada ya kupoteza fedha nyingi mezani, akiulizwa kinywaji chake kitikiswe au kikorogwe na yeye akajibu kwa hasira kwamba hajali, haukuwa utani tu wa kuwachekesha mashabiki. Ni mtu aliyeachia usukani.

Na kuna Miles wa *Sideways* (2004), mwandishi aliyeshindwa maisha lakini anayejua mvinyo kuliko kasisi anavyojua misa. Ana chupa moja ya Cheval Blanc ya mwaka 1961, ameitunza kwa siku maalumu. Baada ya kusikia kwamba aliyekuwa mkewe ameolewa tena na ni mjamzito, anainywa peke yake kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka, kwenye kikombe cha kutupa, huku akiificha wahudumu wasiione. Ile siku maalumu ilikuwa ni ya kuacha kusubiri siku maalumu.

Mimi ni Mwislamu na napenda mashairi. Inanitatiza kuona washairi wakubwa wa Kiislamu wakisifu mvinyo. Niwasomeje?

Swali zuri, na jibu lake halipo moja.

Kwa washairi wa Kisufi, mvinyo ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Mlevi ni yule aliyezama katika kumkumbuka Mola mpaka nafsi yake ikamtoka, na mnyweshaji ni yule anayemfungulia mlango. Ibn al-Farid, aliyefariki Kairo mwaka 1235, ana kasida mashuhuri ya mvinyo ambayo ubeti wake wa kwanza unaondoa shaka yote: anasema walikunywa kwa kumkumbuka Mpenzi, wakalewa kabla mzabibu haujaumbwa. Mvinyo uliotangulia zabibu hauwezi kuwa wa chupani. Hapo shairi lenyewe limekupa ufunguo mlangoni.

Lakini usichukue ufunguo huo ukafungulia kila nyumba. Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Abbasi, alisifu mvinyo wenyewe, wa kwenye bilauri, na hakujificha. Kumfanya walii kwa nguvu ni kumkosea yeye na kuwakosea mawalii. Hafidh wa Shiraz, wa karne ya 14, yuko katikati, na wasomi wamebishana juu yake kwa karne nyingi: wengine wanaona tasawufi tupu, wengine wanaona mvinyo wa kweli. Ninavyomsoma mimi, mara nyingi kilabu chake ni fimbo ya kumchapia mnafiki. Anamweka mlevi anayekiri udhaifu wake karibu na mcha Mungu anayejionyesha, halafu anatuachia tuamue nani yuko karibu na rehema. Shairi la namna hiyo linahitaji pombe iwe haramu ndipo lifanye kazi. Kwa jamii isiyoona ubaya wowote wa mvinyo, nusu ya makali yake yangepotea.

Ni tukio gani moja la kinywaji unaloliona limetengenezwa vizuri kuliko yote?

Karamu ya *Notorious*, ya Alfred Hitchcock (1946). Alicia ameolewa na adui ili ampeleleze. Usiku wa karamu anaiba ufunguo wa stoo ya mvinyo, anampa jasusi mwenzake, Devlin. Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye shampeni. Wageni wanakunywa, chupa kwenye barafu zinapungua, na zikiisha mwenye nyumba lazima ashuke stoo kuchukua nyingine. Kila glasi inayoinuliwa ni saa inayosogea. Hitchcock, aliyezoea kujipitisha kwa sekunde chache kwenye filamu zake, humu anaonekana akinywa glasi yake ya shampeni na kuondoka. Kwa maneno mengine, mwongozaji mwenyewe anawaharakishia wahusika wake kifo!

Huko stoo, chupa moja inaanguka na kuvunjika. Haikuwa na mvinyo. Ilikuwa na mchanga mweusi wa madini ya urani. Na baadaye, mume akishagundua, sumu haiwekwi kwenye shampeni wala mvinyo. Inawekwa kwenye kahawa, kinywaji pekee ambacho hakuna mtazamaji aliyekuwa akikishuku.

Hizi filamu haziwafundishi vijana kunywa? Kwa nini zisikatazwe kuonyesha pombe?

Kukataza kulijaribiwa. Kanuni za maadili za studio za Hollywood, zilizoandikwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, ziliagiza pombe isionyeshwe ila pale ambapo hadithi au tabia ya mhusika inaidai. Mwaka huohuo wa 1934, miezi michache baada ya Marekani kufuta marufuku ya pombe iliyoanza 1920, ikatoka *The Thin Man*. Mke anafika baa, anamuuliza mumewe amekunywa martini ngapi. Sita, pamoja na hiyo. Basi anamwagiza mhudumu amletee nyingine tano, azipange mezani kwa mstari. Kila mtunzi, akibanwa, atakwambia hadithi yake inaidai pombe.

Kuhusu vijana, tafiti za nchi mbalimbali zimeona uhusiano kati ya kutazama unywaji mwingi kwenye filamu na kuanza kunywa mapema, ingawa uhusiano pekee hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Kinachonisumbua mimi ni asubuhi iliyokatwa. Wahusika wanapiga mtungi usiku kucha, picha inayofuata wamevaa suti na wanafikiri kama mahakimu. Hata *The Thin Man*, pamoja na mzaha wake wote, ilimwonyesha yule mke siku ya pili akiwa na barafu kichwani.

Naandika riwaya yenye baba mlevi anayepiga watoto. Mhariri ananiambia wahusika wa aina hiyo wamezidi. Nimwondoe?

Usimwondoe, mpe mkosi wake mwenyewe. Baba mlevi anayerudi usiku akipepesuka na kutukana tumekwishamsoma. Jiulize amefanya nini siku moja ambacho hakifutiki akiwa timamu. Thomas Hardy, kwenye *The Mayor of Casterbridge* (1886), anamfanya kijana Henchard, akiwa amelewa gulioni, amuuze mkewe pamoja na mtoto wao kwa baharia kwa gini tano. Akizinduka, anaapa kutogusa pombe kwa miaka 21, na kiapo anakitimiza. Anapanda mpaka anakuwa meya. Ulevi wa siku ile umeshika kurasa chache tu za mwanzo, lakini riwaya yote iliyobaki inalipa deni lile.

Au punguza sauti, tafuta alama ndogo. Kwenye *The Lost Weekend* (1945), Don Birnam anamwomba mwenye baa asifute duara zinazoachwa na glasi yake juu ya kaunta. Kamera ikirudi pale, duara zimeongezeka. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeanguka, na tumeshajua mchana wake ulivyokwenda.

Na watoto wa baba huyo wasiwe wa kupigwa tu. Mtoto wa mlevi hujua mengi: hatua zipi ni za heri, mlango ukifungwa vipi ni wa kujificha, chupa ipo wapi na imebaki kiasi gani. Mpe mmoja wao sura nzima.

La haraka: waigizaji huwa wanakunywa pombe kweli?

Kwa kawaida hapana. Wiski mara nyingi ni chai baridi au maji yaliyotiwa rangi, mvinyo ni juisi ya zabibu, bia ni isiyo na kilevi. Tukio moja linaweza kurudiwa mara nyingi mno, na hakuna anayetaka steringi asahau maneno yake. Ukitaka kujiburudisha, tazama kiasi kilichomo kwenye glasi picha inapobadilika kutoka kwa mzungumzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Kuna mtu aliyeajiriwa kuhakikisha kiasi hicho hakibadiliki, na mara kwa mara glasi iliyokuwa nusu hujaa yenyewe bila mtu kuigusa.