Jibu: Cherehani kuruka mishono kwenye kwilti

Salaam, dada. Umeeleza kwamba cherehani yako ya miguu huunganisha viraka vizuri, lakini huruka mishono unaposhona kwa pamoja matabaka matatu ya kwilti (blanketi la viraka juu, pamba katikati na kitambaa chini). Kabla ya kumwita fundi, tazama sindano: mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe nilikuwa nimeiacha sindano namba 11 kwenye cherehani, ambayo ni nyembamba na hupinda ikikutana na pamba nene; nilipoweka namba 16, iliyoandikwa 100/16 kwenye pakiti, mishono ikatulia. Pia weka meza ya kimo kilekile na meza ya cherehani upande wa kushoto, kwa sababu kwilti inayoning'inia huvuta sindano kwa uzito wake. Kuhusu cherehani za umeme siwezi kukushauri, kwani sijazitumia kwa kazi hii.