Maswali Yenu: Neno moja kwenye simu, Wamarekani wawili wakafungashiwa virago

Wiki hii sijui mmekula nini, maswali karibu yote ni ya mashushushu. Nimechukua matatu yanayoshikana, mengine subirini.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Babu yetu alikuwa fundi simu Dar enzi za Posta na Simu, sasa hivi ana miaka themanini na kitu ila kichwa bado kiko fresh. Kila tukikaa naye anatuambia eti Mwalimu aliwahi kuwafukuza wazungu wawili wa ubalozi wa Marekani kwa sababu ya neno moja tu kwenye simu. Sisi huwa tunacheka. Ni kweli au anatupiga kamba?
*Mjukuu wa fundi simu, Temeke*

JIBU: Marahaba mjukuu. Nendeni mkamwombe msamaha mzee, maana hajawapiga kamba hata kidogo.

Ilikuwa Januari 1965. Zanzibar kwenye ubalozi mdogo wa Marekani mkubwa wa pale ni kijana mmoja anaitwa Frank Carlucci, na Dar kwenye ubalozi wenyewe yupo Robert Gordon, mtu wa pili kwa balozi. Sasa Mapinduzi yalikuwa yanatimiza mwaka tarehe 12, na Carlucci anataka Washington itume salamu za pongezi zenye uzito kidogo ili Marekani isionekane imenuna peke yake kwenye sherehe ya watu. Anampigia Gordon. Gordon anamwambia wakubwa kule hawatakubali kirahisi hivyo, inabidi tupate amunisheni zaidi.

Amunisheni, yaani risasi. Kwa Kiingereza cha maofisini mtu akisema hivyo anamaanisha hoja, kitu cha kumsukumia bosi mpaka akubali, kama sisi tunavyosema "nipe data nikamalizane naye". Hayo ndiyo maelezo ya Wamarekani wenyewe, wameyarudia miaka yote. Ila laini ilikuwa inasikilizwa, na mimi huwa najaribu kumwona huyo jamaa aliyekuwa anasikiliza, masikio yameganda, anasikia mzungu wa Zanzibar na mzungu wa Dar wanaongea habari za tarehe 12 Januari na kuongeza risasi. Wewe ungeandika nini kwenye ripoti? Ungeandika "wanapanga kupindua". Hata mimi ningeandika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa.

Na usimcheke, maana hali yenyewe ilikuwa ya moto. Mwaka mmoja nyuma, Januari 1964, Zanzibar imepinduliwa na wiki moja baadaye wanajeshi wa Bara wameasi mpaka Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza, aibu ambayo hakuisahau. Novemba hiyo hiyo ya 1964 waziri wa mambo ya nje, Oscar Kambona, ametoa hadharani barua zinazosema Marekani na Wareno wanapanga kutushambulia, watu wakaandamana mjini, halafu baadaye ikaonekana barua zenyewe ni za kughushi. Kabla vumbi halijatulia, tarehe 24 Novemba ndege za Marekani zikawadondosha makomandoo wa Kibelgiji Stanleyville, Congo, hapo tu jirani. Halafu Zanzibar kwenyewe Wajerumani Mashariki ndio wanaosaidia kuijenga idara ya usalama, na hao kumshuku Mmarekani ndiyo kazi iliyowaleta. Kwenye hali hiyo mtu akikohoa kwenye simu unasikia bunduki.

Basi Carlucci na Gordon wakaambiwa waondoke. Washington ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wetu mmoja na kumwita balozi wao nyumbani, uhusiano ukawa kama chai iliyopoa.

Wazee wengi wa Dar walikuja kusema "si tulisema!" kwa sababu huyo Carlucci mwaka 1978 akawa naibu mkurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na 1987 akawa waziri wa ulinzi wa Marekani. Sawa, inanoga kijiweni, lakini cheo cha 1978 hakithibitishi kilichosemwa kwenye simu ya 1965.

Mimi kinachonikera ni kingine kabisa. Rais aliyeletewa ripoti ile ndiye huyo huyo aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili! Kama kuna mtu Tanzania nzima aliyejua kwamba neno la Kiingereza lina matumbo mawili ni yeye. Lakini mambo ya usalama yakishapanda juu yanapanda yamefungwa, mkubwa anapewa hitimisho, na waliopo chini hakuna anayethubutu kusema "jamani hebu tumwite hata mwalimu wa Kiingereza atuambie hapa ana maana gani". Kunasa simu waliweza. Kuuliza maana ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu ukimuuliza mtu wa nje umeshatoa siri.

SWALI: Kijana, naona unaandika kama siri ni ugonjwa. Mimi nilivaa gwanda, nilikuwa kusini miaka ya sabini. Bila siri wapigania uhuru wangekwisha wote. Ninyi wa siku hizi mnataka kila kitu kiwe wazi kama sokoni.
*Mstaafu, Songea*

JIBU: Shikamoo mzee. Nimekubali kipigo, lakini nusu tu.

Nusu unayoshinda ni hii. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963, Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita na Mreno Septemba 1964 wakitokea kwetu, na Nachingwea kulikuwa na kambi yao. Silaha zinaingia vipi, zinapita wapi, nani analala wapi, hayo huwezi kuyabandika ukutani. Na tumeona nini kinatokea adui akijua anwani: tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, alifungua kifurushi cha kitabu pale Dar es Salaam, kumbe ndani kuna bomu, akafa hapo hapo. Nani atabisha kwamba siri ilikuwa inaokoa roho za watu.

Nusu nyingine sasa. Kuficha namna unavyofanya ni tofauti na kuficha ulichojifunga nacho. Tanzania ile ilikuwa inaficha njia za bunduki, lakini ahadi yenyewe, kwamba tutawasaidia Msumbiji mpaka wawe huru, ilitangazwa kwenye redio mchana kweupe na mkulima wa Tunduru alijua kwa nini mabomu ya Mreno yanaweza kumfikia. Aliiona bili.

Angalia mwaka huo huo wa 1965 ulivyotugharimu. Ujerumani Magharibi walikuwa na msimamo wao, wanauita wa Hallstein, ukiitambua Ujerumani Mashariki basi tumeachana. Zanzibar ilishawapa hao wa Mashariki ubalozi kamili kabla ya Muungano, kwa hiyo Mwalimu akarithi kesi ambayo hakuifungua yeye. Akatafuta njia ya katikati, wawe na ofisi ya konseli Dar bila sisi kuitambua nchi yao. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, wakakasirika, Februari wakaondoa msaada wa kijeshi, waliokuwa wanafundisha marubani wetu wakafunga mizigo. Mwalimu akawaambia basi na msaada mwingine wote wa serikali yenu chukueni. Kanada ndio wakaja kufundisha marubani.

Desemba ikaja ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa kule, alijitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba, OAU wakakubaliana Addis kwamba Mwingereza asipomdhibiti mpaka tarehe 15 Desemba, wote tunavunja naye uhusiano. Siku ikafika, nchi nyingi zikaangalia pembeni. Tanzania ikavunja, na mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5 usio na riba ukaenda na maji. Unaweza kusema ulikuwa ukaidi, hata mimi kuna siku huwa nasema hivyo hasa nikipita kwenye barabara fulani fulani, lakini hakuna Mtanzania aliyeamka asubuhi akakuta nchi imejifunga na jambo asilolijua. Wasiwasi wangu mzee ni mikataba inayoifunga nchi bila wananchi kujua, sio njia zenu za Nachingwea.

SWALI: Sasa hizo nyaraka za simu ya 1965 si zitakuwa zimeshafunguliwa, miaka sitini imepita? Nataka kuziona mwenyewe, nasoma historia chuo.
*Dada wa Morogoro*

JIBU: Dada yangu, upande wa Marekani utapata. Wizara yao ya mambo ya nje wanachapisha vitabu vya nyaraka za kidiplomasia, na sheria yao ya 1991 inataka zitoke ndani ya miaka 30, ingawa huwa wanachelewa na CIA wanafuta futa mistari kwa wino mweusi. Zaidi ya hapo, mabalozi wao wakistaafu wanaongea mno, wanahojiwa wanarekodiwa, Carlucci mwenyewe alisimulia.

Huku kwetu sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 nayo inataja miaka 30, nenda pale Nyaraka za Taifa Upanga ukiwa na barua ya chuo, kibali cha utafiti na uvumilivu. Utakuta mambo mengi mazuri ya wakoloni, ya wilaya, ya pamba. Ya Usalama usitegemee. Kwa hiyo kisa chote nilichomjibu mjukuu hapo juu kimesimuliwa na upande uliofukuzwa, sisi tuliofukuza tumekaa kimya, na yule jamaa aliyesikia neno "amunisheni" kwa masikio yake hana jina wala maelezo popote ninapopajua.

Ndiyo maana mjukuu wa Temeke naomba unisaidie. Babu alikuwa fundi simu. Washa simu yako urekodi, mpe chai, halafu muulize taratibu laini ya Zanzibar ilikuwa inaunganishwa chumba gani, na Januari ile zamu ya usiku ilikuwa ya nani. Akikujibu, niandikie haraka.