Pimeni mwamba mmoja kwanza

Utafiti wa jiolojia unaounganisha wanafunzi wa vyuo kadhaa una utamu wake. Huyu kabobea volkano, yule mashapo, na chuo cha mwingine kina maabara ya kupima umri wa miamba. Nimeshafanya kazi za namna hii, na wanaoniuliza nawaambia hivi: siku ya kwanza uwandani msikimbilie ramani. Simameni wote mbele ya mwamba mmoja, kila mtu aupime alivyofundishwa kwao, kisha fungueni madaftari.

Chukua tabaka lililoinama nyuzi 30 kuelekea kusini-mashariki. Mmoja ataandika 040/30: ametanguliza mwelekeo wa mstari wa mlalo juu ya tabaka, kwa nyuzi kutoka kaskazini, mwinamo ukiwa mkono wake wa kulia. Mwenzake ataandika 130/30, yaani kule tabaka linakoinamia. Wote wako sahihi. Lakini atakayekaa kuchora baada ya miezi kadhaa, bila kujua nani aliandika vipi, atalizungusha tabaka nyuzi 90 nzima, na ramani yake itapendeza tu machoni. Kosa la aina hii halijitangazi.

Dira nazo zina mambo. Kaskazini ya sumaku si kaskazini ya ramani, na tofauti hiyo hubadilika kwa mahali na kwa miaka. Kuna sehemu inapita nyuzi 10. Mkikuta nusu ya kundi wamesharekebisha dira zao na nusu wanangoja kurekebisha kwenye kompyuta, amueni palepale. GPS zote ziwekwe kwenye mfumo mmoja wa kutaja mahali, WGS84. Saizi za chembe za mashapo zifuate kipimo cha mwanajiolojia Wentworth cha 1922, ambako mchanga ni kuanzia milimita 0.0625 hadi 2. Kadi ya kulinganishia saizi hizo humaliza ubishi mwingi.

Kwenye sampuli mimi ni mkali. Mshale wa upande wa juu uchorwe kabla nyundo haijagusa jiwe, na namba ianze na herufi za aliyeokota, maana kila chuo kitakuja na "sampuli 1" yake.

Halafu msiwaache wa chuo kimoja watembee pamoja. Wawili wawili, vyuo tofauti. Wanaotoka darasa moja hawaulizani kwa nini wanapima hivyo. Na nani atatumia data zipi kwenye tasnifu yake, liandikwe na wasimamizi wote wakubali kabla ya safari, si wakati wa kusahihisha rasimu.