"Ni hapo tu": neno lililotaka kuniua kwenye theluji

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma. Amemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), amepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili kaskazini mwa Marekani, na safari ni Agosti. Badala ya vigelegele, nyumbani kwao kumekuwa kama msibani. Mama ameona video za magari yaliyofukiwa na theluji mpaka juu, amekataa katakata. "Dada, niambie ukweli," ameniandikia. "Hiyo theluji inaua kweli au watu wanakuza mambo?"

Mdogo wangu, inaua. Mimi nilikuwa Buffalo, jimbo la New York, Desemba 2022, na niko hai leo kwa sababu mzee mmoja nisiyemjua aligonga kioo cha gari langu. Lakini nakwambia nenda. Nafasi kama hiyo haibishi hodi mara mbili kwa watoto wa kwetu. Nenda, ila soma haya yote kwanza, na mama naye asomewe.

Habari za masomo nitaziruka. Nilimaliza, tena kwa alama ambazo mtoto wa mkulima wa uwele kutoka Chamwino ana haki ya kuzitaja kifua mbele, nikapata kazi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Nilikuwa nimeshapitisha majira mawili ya baridi. Nikajiona mwenyeji.

Dhoruba ile haikutuvizia. Watabiri wa hali ya hewa walianza kuipigia mbiu siku kadhaa kabla. Ziwa Erie lilikuwa bado halijaganda, na upepo wa baridi kali ulikuwa unakuja kupita juu yake. Upepo wa namna hiyo unazoa unyevu wa ziwa, kisha unaumwaga kama theluji juu ya mji ulio ng'ambo. Buffalo imekaa palepale kwenye ncha ya ziwa hilo, upande upepo unakoelekea. Majirani zangu walijaza maji, betri, dawa, vyakula vya makopo. Mimi nilinunua mkate mmoja na trei ya mayai, nikawaona watu waoga.

Ijumaa tarehe 23 asubuhi msimamizi wangu alituma ujumbe kwamba asiyefika zamu atafute kazi kwingine. Kutoka kwangu mpaka kazini ni dakika 12 kwa gari. Nje kulikuwa na manyunyu na upepo tu. Nikasema moyoni, ni hapo tu. Nikawasha gari.

Hapa nataka unielewe vizuri, maana watu wengi Dodoma wanadhani dhoruba ya theluji ni vile vipande vyeupe vinavyoshuka taratibu kama pamba. Dhoruba ni upepo. Unaujua ule upepo wa Agosti unaonyanyua vumbi viwanja vya Nanenane mpaka usimwone aliye mbele yako? Ule unapita, unajikung'uta, maisha yanaendelea. Sasa chukua ule, ufanye mweupe, upulize kwa mikupuo inayofika zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na usipite. Wamarekani huiita dhoruba kamili pale upepo unapozidi kilomita 56 kwa saa na macho yasione mita 400 mbele, kwa saa tatu mfululizo. Ile ya kwetu ilikaa kwenye hali hiyo kama saa 37.

Amri ya kuzuia magari barabarani ilianza saa tatu na nusu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshanasa. Waipa ziliganda kwenye kioo. Sikuona boneti ya gari langu mwenyewe. Nikaacha injini inawaka nipate joto, nikampigia msimamizi, simu haikupokelewa. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma na usingizi mzito ukanijia, usingizi mtamu kabisa. Nikadhani ni uchovu wa zamu za wiki nzima. Kumbe theluji ilikuwa imeziba bomba la moshi, na moshi unarudi ndani kwangu.

Ndipo kioo kikagongwa. Mzee alikuwa amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili ameifunga mlangoni kwake, akifuata taa zangu za hadhari. Alinivuta kwa mkono mmoja kama mtoto. Tulipofika ndani ndipo nilipoelewa kwamba nyumba yake ilikuwa hatua kama thelathini tu kutoka kwenye gari. Hatua thelathini! Na mimi sikuwa nimeiona.

Tulikuwa wanane mle ndani, wageni watupu, wote mzee alituokota barabarani siku ileile. Nilikaa pale siku tatu, na nilijifunza kuhusu watu kuliko chuo kizima. Mama mmoja alihesabu makopo ya maharage kila saa. Kijana mmoja hakuacha kurekodi video. Lakini aliyebaki moyoni mwangu ni baba mmoja wa makamo ambaye mkewe alikuwa peke yake nyumbani, mitaa mitatu kutoka pale. Alizunguka sebuleni kama simba kwenye tundu. Jioni, umeme ulipokatika, akasimama, akavaa koti, akasema kwa Kiingereza maneno yaleyale yangu ya asubuhi: ni hapo tu. Mzee alimsihi. Akatoka.

Alirudi baada ya dakika kumi na tano, na alirudi kwa sababu alijikwaa kwenye ile kamba ambayo ilikuwa bado imefungwa mlangoni. Ncha ya pua na masikio yalikuwa meupe, magumu kama nta. Alikuwa analia na machozi yameganda kwenye kope. Mimi nilitaka kumsugua, kama tunavyosugua mtoto aliyenyeshewa. Mzee akanizuia kwa ukali. Ngozi iliyoganda haisuguliwi wala haipelekwi kwenye moto. Inapashwa taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Mkewe, namshukuru Mungu, alikutwa salama kwa jirani.

Zaidi ya watu 40 hawakupata kamba ya kujikwaa. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine njiani kwa miguu, wengine walianguka moyo ulipowashinda wakikwangua theluji kwa chepe, na wengine walifia nyumbani kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia. Uwanja wa ndege ulipima karibu sentimita 132 za theluji.

Usiku wa kwanza nilipata mtandao kidogo, nikaandika kwenye kundi la familia: niombeeni. Baba yangu mdogo akajibu, "Vaa masweta mawili, baridi haijawahi kuua mtu." Wakafuatia watu sita wakicheka. Nimemsamehe, ni baba yangu. Lakini sitasahau, na ndiyo maana namwandikia mama yako pia: mwanao akikupigia kutoka kule akasema hali ni mbaya, mwamini. Usimpime kwa baridi ya Julai ya Dodoma.

Niliporudi kazini nilikabidhiwa onyo la maandishi la utoro. Karatasi ninayo mpaka leo. Wenzangu wa zamu ya usiku walikuwa wamekwama kule na wale wazee siku zote hizo, wakafanya kazi isiyoelezeka, nao hawakupewa hata asante. Nawaambia wote mnaokwenda kutafuta maisha: kazi inapatikana, pua yako haipatikani. Wakitangaza usitoke, usitoke, hata bosi akipiga kelele. Mwandikie ujumbe wa heshima, tunza nakala, baki ndani. Nanyi mliopewa watu wa kuwasimamia, hata hapa Dodoma, mnaomwita mfanyakazi wakati korongo limejaa na maji yanapita juu ya barabara, mtajibu kwa Mungu. Maana kwetu nako ni neno lilelile. Dereva anasimama mbele ya maji, anaona ng'ambo, anasema ni hapo tu.

Sasa ya kushika, mdogo wangu. Watabiri wakisema, nunua chakula na maji ya siku kadhaa siku hiyohiyo, usingoje foleni. Ukinasa kwenye gari, usitoke kutafuta msaada kwa miguu kama huoni unakokwenda. Kabla ya kuwasha injini, hakikisha theluji haijaziba bomba la moshi. Washa dakika kumi tu kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo liwe wazi kidogo. Weka blanketi, maji na chepe ndani ya gari tangu Novemba. Nguo vaa nyepesi nyingi juu kwa juu, na ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na jasho likipoa linakugeukia.

Na moto wa mkaa usiingie ndani. Kule kwa mzee, usiku wa pili, kijana alitaka kuleta jiko la kuchomea nyama sebuleni. Mzee akasema hapana, na mimi niliyelelewa kwenye chumba chenye jiko la mkaa kila Julai, mlango umefungwa na khanga imesukumiwa chini kuzuia upepo, nikamwelewa kuliko wote. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa na kwenye moshi wa gari, haina harufu wala rangi. Ule usingizi mtamu wa kwenye gari naujua. Nikiwaona majirani zangu hapa Kisasa wanaingiza jiko chumbani kwa mtoto, huwa naenda kugonga, wanichukie wakitaka.

Buti zangu za theluji bado ninazo. Ni saizi 39, ndani zina manyoya, soli haijalika. Njoo na mama Jumamosi uzijaribu.