Kabla hujabonyeza "dabo", fungua picha kwanza

Mi nacheza Pokémon GO, ile gemu ya simu ya kuzunguka mtaani, tangu 2016, na kule Wayfarer, tovuti ambako wachezaji wenyewe tunapiga kura sehemu gani iingie kwenye ramani nimeshachemsha sana. Zamani nikiona tu kuna pini nyingine jirani, yaani alama ya sehemu kwenye ramani, nabonyeza dabo (kwamba kitu hicho kishawekwa tayari) fasta, naenda inayofuata. Mpaka siku mchoro wa ukutani niliotuma mwenyewe ukarudishwa eti dabo ya mchoro wa ukuta wa pembeni. Wasanii wawili tofauti kabisa! Nilinuna wiki nzima.

Ndo nikashtuka, kumbe umbali sio ishu, unachojiuliza ni hiki ni kitu kilekile au la. Chukulia Ngome Kongwe pale Unguja. Wewe umepiga picha geti, mwenzako kapiga picha ukuta wa upande wa Forodhani, ngome ni ileile, dabo hiyo hata pini zikiachana mita 50. Ila ule ukumbi wa wazi mule ndani wanakofanyia maonyesho, watu wanauendea wenyewe kama wenyewe, mi naupitisha. Bembea na mtelezo kwenye kiwanja kimoja cha watoto je? Mi nahesabu kiwanja kimoja, bembea haijafikia hadhi hiyo jamani.

Kinachowachanganya wengi ni miraba, yaani vipande ambavyo ramani ya gemu imekatwa. Kwa muda mrefu Pokémon GO imekuwa ikionyesha stopu moja (sehemu ya kuokota vitu) au jimu moja (sehemu ya kupigania) tu kwa kila mraba wa saizi inayoitwa S2 leveli 17, upande wake kama mita 70 hivi, wakati Ingress, gemu nyingine inayotumia sehemu hizihizi, inataka potali, ndo sehemu zake, ziachane mita 20 basi. Kwa hiyo sehemu yako inaweza ikapita na bado usiione kwenye gemu, we unadhani wamekataa, unatuma tena, unatuma tena, na hapo ndo unazalisha dabo zenyewe sasa. Cheki ramani ya Ingress kwanza, huenda sehemu yako ipo kule.

Na pini msiziamini, mtu anaweza kuibandika katikati ya barabara. Kuza picha, linganisha nguzo, madirisha, hata ule mti wa nyuma.

Kuna moja tu bado inanitesa: ukuta umepakwa mchoro mpya juu ya ule wa zamani. Mi nilisema sio dabo, wa zamani ndo utolewe. Mshkaji wangu akasema ukuta ni ukuta. Hatujamalizana mpaka leo.