Rangi Tunazozipoteza Kati ya Soko na Sahani

Mtu anayeingia soko la Mwanga hapa Kigoma asubuhi, hasa kuanzia Novemba hadi Januari embe zinapoiva, hukutana na rangi nyingi: nyanya, karoti, nyanya chungu, maboga yaliyokatwa vipande, matembele na mchicha uliofungwa mafungu, pamoja na mawese mekundu yaliyojaa kwenye madumu. Mtu huyo huyo akikaribishwa chakula cha mchana katika nyumba nyingi za mjini, atawekewa ugali mweupe wa muhogo, dagaa au mgebuka, na pembeni mboga kidogo iliyochemshwa mpaka ikageuka rangi ya udongo. Nimefundisha somo la sayansi kimu kwa miaka mingi na nimelea watoto wangu Ujiji, na kwa kadiri nilivyozidi kuingia katika majiko ya watu ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba familia nyingi za mkoa huu hazikosi mboga na matunda ya rangi, bali huzipoteza njiani, kati ya soko na sahani. Najua wapo ambao hata fungu la mchicha ni mzigo kwao, na nitawagusa mbele. Wengine wetu tuna vitu hivi mikononi na hatujui namna ya kuvitunza.

Rangi ya tunda au mboga hutokana na viini ambavyo mmea hujitengenezea kwa ajili ya kujilinda na jua, wadudu na maradhi, na vingi kati ya hivyo vinatufaa sisi tunaoula. Rangi ya chungwa iliyo ndani ya karoti, boga, embe na papai ni karotini, ambayo utumbo huigeuza kuwa vitamini A. Jambo ambalo wanafunzi wangu walilipokea kwa mshangao kila mwaka ni kwamba majani ya kijani iliyokolea yana karotini hiyo hiyo kwa wingi, ila ukijani wake umeifunika isionekane. Kwa hiyo mama asiye na fedha ya kununua karoti, lakini mwenye matembele nyuma ya nyumba, hajakosa vitamini A hata kidogo. Majani hayo pia yana luteini, kiini ambacho mwili hukihifadhi katikati ya pazia la jicho, mahali panapotuwezesha kuona vitu vidogo kwa uwazi. Upungufu wa vitamini A huanza kwa mtoto kushindwa kuona vizuri giza linapoingia, kisha macho hukauka, na kinga dhidi ya surua na kuhara hudhoofika; ndiyo sababu watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka nchini kote. Matone hayo yapokelewe bila kusita, lakini yasichukue nafasi ya chakula cha kila siku.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu zaidi kuliko la mikoa mingine. Karotini huyeyuka katika mafuta wala haiyeyuki katika maji, na mtu akila mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi peke yake, sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mwili unahitaji takriban mikrogramu 12 za karotini iliyomo katika mboga na matunda ili kupata mikrogramu 1 ya vitamini A, ilhali karotini iliyokwisha kuyeyuka katika mafuta huhitaji mikrogramu 2 tu. Mawese yetu ni karotini iliyokwisha kuyeyuka namna hiyo, na wekundu wake ndio ushahidi. Hata hivyo wapo wapishi wanaoyaweka motoni mpaka yatoe moshi mzito na wekundu upotee, ama kwa kutopenda harufu yake, ama kwa kutotaka chakula kibadilike rangi. Mama mkwe wangu, ambaye hakusoma lishe popote, aliwahi kumwambia jirani aliyekuwa akifanya hivyo: "Mwanangu, ukiyachoma mpaka yawe meupe, umebakiza nini ndani yake?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu moto mkali unaodumu huiangamiza karotini na kutuachia mafuta matupu.

Lazima niseme upande wa pili pia, nisije nikaonekana ninayapigia mawese debe. Karibu nusu ya mafuta hayo ni yale yanayoganda, ambayo yakitumiwa kwa wingi huongeza lehemu katika damu. Kijiko kimoja au viwili vya chakula kwenye sufuria ya mboga ya familia vinatosha kufanya kazi niliyoieleza. Kuelea kwa mafuta juu ya mchuzi hakuongezi lishe yoyote. Asiyetumia mawese anaweza kutia karanga zilizosagwa au nazi, au kula parachichi pamoja na mboga hiyo, na karotini ya mboga itafyonzwa vile vile, kwa kuwa kinachohitajika ni mafuta kidogo tu.

Upotevu mwingine mkubwa hutokea katika namna ya kupika majani. Mboga laini kama mchicha, mnafu, msusa na chainizi huoshwa kabla ya kukatwa, si baada yake, kwa maana vitamini C na foleti, ambayo ni vitamini mojawapo ya kundi B, huyeyuka katika maji na kumwagika nayo uani. Zikishaiva, dakika chache baada ya sufuria kufunikwa, ziepuliwe zikiwa bado za kijani, na kama zina maji yaliyobaki, yaliwe pamoja nazo. Kisamvu hakimo katika kanuni hii. Majani ya muhogo yana sumu ya asili ya sayanidi, na lazima yatwangwe vizuri kisha yachemshwe kwa muda mrefu bila kifuniko kabla ya kutiwa karanga au mafuta. Hapo tukubali kupoteza vitamini C kwa ajili ya usalama, tukijua kwamba karotini na protini zake hubaki kwa kiasi kizuri.

Kuhusu magadi, msimamo wangu ni mkali. Watu hupenda kuyatia kwenye mlenda, kisamvu na maharage kwa sababu hulainisha upesi na huifanya mboga ibaki na kijani kinachong'aa. Kijani hicho kinadanganya. Magadi huuhifadhi ukijani, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, na mwenye presha hujiongezea sodiamu ambayo hakuihitaji. Maharage ya Kasulu yakilowekwa usiku kucha huiva mapema bila magadi yoyote.

Nikiwa nyumbani, mabadiliko niliyoyaona wazi zaidi yalitokana na kupanga kipi kiliwe na kipi. Binti yangu wa pili alipokuwa mjamzito, kliniki walimweleza kwamba damu yake ni pungufu, wakampa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, naye akavimeza kama alivyoagizwa. Mimi nilichofanya ni kuondoa chai mezani wakati wa chakula na kuweka pera au chungwa mahali pake. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na majani hufyonzwa kwa shida, na viini vyenye ukakasi vya majani ya chai huyazuia zaidi, ilhali vitamini C huyafungulia njia. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, na kiasi hicho hicho cha chungwa kina takriban miligramu 50. Kwa hiyo pera lile ambalo watoto huliangua wakitoka shule, na ambalo watu wazima hulidharau, linalishinda chungwa kwa mbali. Damu ya binti yangu iliporudi kiwango kizuri sikuthubutu kusema ni pera lililomponya, kwa kuwa vidonge alikuwa akivimeza, lakini chai ameendelea kuinywa mbali na mlo hadi leo, saa moja au zaidi baada ya kula.

Kwa wasichana na wanawake wanaotarajia kuzaa, foleti ya majani ya kijani na maharage ina uzito wa pekee. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi hawajajua kama ni wajawazito, na upungufu wa foleti katika majuma hayo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kusubiri kliniki ndipo uanze kula vizuri ni kuchelewa, na vidonge vya asidi ya foliki navyo huanzwa kabla ya mimba inapowezekana.

Nyekundu ya nyanya na tikiti maji ni laikopini, na hii ni kinyume cha vitamini C: nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo hutoa laikopini kwa urahisi kuliko nyanya mbichi. Kachumbari na rojo la nyanya vyote vina nafasi yake. Zambarau ya biringanya iko kwenye ganda, kwa hiyo anayelimenya huitupa rangi yote kapuni. Weupe nao usilaumiwe kupita kiasi, maana vitunguu na kitunguu saumu vina faida zake. Tatizo la ugali wa muhogo ni kukaa peke yake tu. Mwenye shamba ningemshauri atenge matuta machache ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Kazi ya kuvikuza na kuvieneza barani Afrika ilikuwa miongoni mwa zilizotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na watoto huvipenda kwa utamu wake.

Jirani mmoja aliniuliza kama hawezi kununua vidonge vyenye karotini akaepuka usumbufu huu wote. Nilimweleza habari ya utafiti uliofanyika Finland, ambako wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wakivuta sigara walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakimeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiomeza. Karotini ya kwenye boga haijawahi kuonyesha madhara hayo. Ndani ya tunda viini ni vingi, kwa kipimo kidogo, pamoja na nyuzinyuzi, na hatujui kukitoa kimoja kikafanya kazi ya wote. Kidonge anachoandika daktari kwa upungufu uliopimwa ni jambo jingine, na kimezwe.

Mume wangu ana presha, na kwake nilifuata jambo lililothibitishwa Marekani mwaka 1997 katika utafiti unaojulikana kama DASH: mlo wenye matunda na mboga nyingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta kidogo yanayoganda ulishusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa wastani wa zaidi ya alama 11 kwa wale waliokuwa tayari na presha, bila kupunguza chumvi. Sehemu ya sababu ni potasiamu iliyomo kwa wingi katika ndizi, parachichi na majani. Dawa zake hajaziacha, na sitamshauri yeyote aziache. Mwenye ugonjwa wa figo asiufuate mlo huu kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu na moyo unaweza kudhurika. Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda naye ale majani kwa kiasi kisichobadilika-badilika, kwani vitamini K iliyomo huipunguzia dawa hiyo nguvu. Wenye kisukari wale tunda lenyewe, wasinywe juisi yake: matunda manne yaliyokamuliwa na kuchujwa huacha sukari ndani ya glasi na nyuzinyuzi ndani ya chujio.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 10, na mihogo na viazi vya wanga havihesabiwi humo. Wakati wa masika kiasi hicho si kigumu hapa kwetu. Ugumu huja kiangazi, kuanzia Juni, fungu la mchicha linapokonda na bei kupanda, na hapo ndipo familia zenye kipato kidogo huumia kweli. Njia mbili ninazozishauri hazina gharama kubwa. Kwanza ni kukausha majani ya kunde na matembele yanapokuwa mengi, lakini yakaushwe kivulini penye upepo na juu ya chekeche, kwa maana jua kali huiunguza karotini. Yakishakauka yawekwe katika chombo kilichofungwa na kisichopitisha mwanga. Pili ni kupanda karibu na mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa: matembele ambayo hukubali kuchumwa tena na tena mwaka mzima, na papai, ambalo huweza kuanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka au punde tu baada yake. Miche ya papai ipandwe mitatu au minne kwa pamoja, kwa sababu baadhi hutoka midume isiyozaa. Ikitoa maua, ile midume ing'olewe, ubakizwe mmoja tu kwa ajili ya uchavushaji kama majirani hawana.