Mada "Utamaduni wa Wamakonde" ni pana mno, nianzie wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sanaa na ubunifu katika chuo kimoja mjini Mtwara. Kwa mradi wa mwisho nilichagua mada "Utamaduni wa Wamakonde", lakini mkufunzi ameurudisha mpango wangu akisema kwamba mada ni pana na kwamba utafiti wangu ni picha za kupakua kwenye simu tu. Naomba mwongozo.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, mkufunzi wako hakukosea. Ndani ya mada uliyoitaja mna ngoma, jando na unyago, chale, ndonya (pambo linalovaliwa kwenye mdomo wa juu), uchongaji na mengine ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi maisha yake yote, nawe una muhula mmoja.

Chagua kitu kimoja unachoweza kukifikia kwa miguu au kwa nauli ya bodaboda. Ukichagua kinyago cha mpingo, kwa mfano, usikimbilie kukichora kizima. Tazama kwanza pembeni mwa kiini cheusi, kwenye bega au mgongo wa kinyago, kama mchongaji ameacha ukanda mwembamba wenye weupe unaoelekea manjano, ambao ni tabaka la nje la mti wenyewe. Jiulize kama ameuacha kwa makusudi au umbo la gogo ndilo lililomlazimisha, kisha ukamwulize. Jibu lake halimo katika picha ulizopakua, na huenda likawa ndiyo mada yako.

Kusoma nako ni lazima. Wanafunzi wengi huandika chini ya kinyago cha mtindo wa shetani, yaani kinachoonyesha pepo wenye maumbo ya ajabu, maneno "sanaa ya kale ya mababu", ilhali mtindo huo ulizuka miaka ya 1950, wakati wachongaji wa Kimakonde walipokuwa wakiwauzia kazi zao wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mapiko, yaani barakoa zinazovaliwa ngomani, ndiyo yenye asili ya zamani zaidi, nayo yanafungamana na jando na unyago; kwa hiyo usichore wala usipige picha kabla ya kuomba ruhusa kwa wenyewe, na ukiambiwa kwamba jambo fulani halisemwi, liache. Mfuatilie pia George Lilanga (1934–2005), mzaliwa wa Masasi, aliyewatoa mashetani kwenye vinyago na kuwatia katika picha za rangi kali. Usimwige, angalia ni nini kilichobadilika umbo lilipohama kutoka kwenye mti kwenda kwenye rangi, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mbunifu hulijibu kila siku.

Daftari la michoro liwe na tarehe, mahali na vipimo. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Katika ratiba yako, tenga karibu nusu ya muhula kwa kutazama, kuuliza na kujaribu. Mpingo ni mgumu na ni ghali, hivyo fanyia majaribio yako kwenye sabuni ya mche, ambayo hukatika kwa kisu cha kawaida, au kwenye udongo wa mfinyanzi. Hifadhi hata yaliyovunjika, uandike kando ya kila moja sababu ya kuliacha, na uyapeleke yote kwa mkufunzi pamoja na mpango mpya wenye kichwa kifupi, kama vile "Matumizi ya tabaka jeupe la mpingo katika vinyago".